Mama Mkwe na Pijo ya Mzee

Daraja Mbili, Kisii
Jumapili jioni

Kwa kaka yangu mpendwa Jasper,

Pokea salamu kutoka huku milimani, nyingi kupita mikungu ya ndizi inayoshushwa hapa siku ya soko. U hali gani? Shemeji Persis hajambo? Na wale watoto wako, bado joto la Mombasa linawalaza mchana kama paka wa hoteli? Sisi huku tu wazima wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Barua hii nampa Ratemo, anayeteremka huko kesho na lori la parachichi. Nakuomba uisome ukiwa umeketi, uimalize kwanza, ndipo ukasirike.

Nianze na tamu. Pijo ya Mzee, ile pikapu yake, ilikamilika mwezi wa pili, na tangu Lazaro sijasikia aliyefufuka vizuri hivyo. Unajua shule niliiachia kidato cha pili, lakini kwa injini mimi ni profesa, usicheke. Nimelala chini ya malori Kampala, Juba na Bujumbura, katika nchi ambazo hata marais wake siwajui majina. Kabureta niliitega kwa sikio tu, mpaka injini ikanguruma kwa upole, ukiweka kikombe cha chai juu ya boneti hakimwagiki. Bampa uliyotuma ilikaa bila kulazimishwa. Taa nazo zilikaa. Rangi ni ile ile ya maziwa aliyoiacha marehemu baba yetu, Mzee Machogu, alipokuwa akibeba ndizi kutoka Nyamache, na Ishmael fundi wa bodi alinyoosha paa kwa nyundo ndogo kama mtu anayemkanda mtoto mgongo. Nikipita hapa sokoni, mama wa viazi anaacha mizani. Vijana wakichungulia ndani na kuuliza gia iko wapi, nawaonyesha ile fimbo kando ya usukani, nawaambia ilipandishwa cheo.

Yale maonyesho ya magari ya zamani ya Nairobi sijayasahau. Najua umekwisha kutuandikisha. Najua majaji wake hulala chali chini ya gari kuhakikisha kila bati ni la kiwandani. Persis aliniambia watoto wameshonewa fulana zenye picha ya Pijo kifuani. Yote hayo nayajua, kaka. Sasa sikiliza.

Unamkumbuka Mama Mong'ina, mama mkwe wangu wa Ikonge, yule uliyesema siku ya mahari kwamba anatembea kama mkaguzi wa shule. Figo zake zimechoka. Daktari amesema lazima asafishwe damu kwa mashine hapa Kisii kila Jumatatu na Alhamisi, na akiacha hatamaliza mwezi. Nilisimama pale pale nikajipiga kifua mbele ya daktari, nikasema Mama asiwe na wasiwasi, maana amepata mkwe mwenye gari ambalo hata gavana hana.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kiti cha mbele cha Pijo ni kimoja kirefu, kwa hiyo mimi nilikaa kwenye usukani, mke wangu Gesare katikati, Mama dirishani. Gesare alikuwa kama ukuta wa kanisa kati yetu. Halafu mke wangu akahamishiwa shule ya Lodwar, na unajua mwalimu akipata uhamisho hawezi kuwaambia wangoje mama yake apone.

Jumatatu iliyofuata nilifika Ikonge peke yangu. Mama alitoka amevaa kitambaa chake cha Sabato, akanisalimu kutoka mbali akitazama migomba, kisha akazunguka nyuma ya gari, akafungua lango, akapanda karaini, kule kwa mizigo, pamoja na magunia. Mtu mgonjwa, Jasper! Mombasa imekulegeza, lakini chinsoni zetu, ile miiko ya heshima, huwezi kuwa umezisahau. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono wala hawaketi bega kwa bega, na kwenye kiti kile cha mbele, nikitia gia ya pili, kiwiko changu kingemgusa. Mimi kumsihi mwenyewe siwezi, ndipo nikamtuma jirani yake Tryphosa. Akarudi akicheka, akasema Mama anauliza kama huko Juba nilikotembea ndiko nilikofundishwa kukaa na mama wa mke wangu kama wapenzi wa sinema.

Basi ikawa hivyo. Nilimwekea magodoro, nikafunga turubai. Lakini mvua ya huku unaijua, inaingia kwa pembeni. Kwenda kulikuwa afadhali. Kurudi, mtu ametoka kwenye mashine hana nguvu za kumfukuza nzi, ndipo nilipoumia. Kwenye kioo nilikuwa naona kile kitambaa tu kikiyumba kila tunapokata kona.

Usidhani sikujaribu mengine. Yale magari ya abiria yanayopakia watu wanne kiti cha watatu yalimbana mpaka akafika amezimia. Nilimpa Anyona, kijana wangu wa gereji, usukani, yeye si mkwe wa mtu pale, akairudisha Pijo kinyumenyume ndani ya shamba la migomba la watu, na klachi ikanuka kama nyama iliyoungua. Nikatundika pazia katikati ya kiti cha mbele, la maua, zuri kabisa. Mama akalitazama, akamwambia Tryphosa aniulize kama ninapeleka mgonjwa au bibi harusi. Mchungaji naye alikuja, akasema Mungu anaangalia moyo wala hatazami viti. Mama akamjibu kwa heshima kwamba basi Sabato ijayo mchungaji aje amembeba mama mkwe wake kwenye pikipiki, na sisi tutaangalia moyo. Mchungaji aliomba maji ya kunywa.

Halafu Alhamisi moja nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Tryphosa akasema Mama amekataa. Ametuma neno kwamba ameishi vya kutosha, na asisumbuliwe. Jumatatu nilirudi, mlango ule ule. Miguu ilikuwa imemvimba, akawa hawezi kuvaa hata ndala. Gesare akipiga simu kutoka Lodwar anauliza kama Mama amekwenda. Mimi ninayejua kuongea na kila askari wa barabara kuanzia hapa mpaka Nimule nikawa namwambia tu mke wangu angoje kesho.

Nikarudi Daraja Mbili, nikakaa mbele ya Pijo. Kaka, ilikuwa imependeza. Ilikuwa imependeza mpaka nikaichukia. Nilijiuliza Mzee alinunua hili gari lifanye nini. Sikumbuki hata siku moja akilifuta vumbi. Nakumbuka lilibeba ndizi, lilibeba harusi ya shangazi, lilibeba jeneza la babu. Mbona mimi nimeligeuza kuwa picha ya ukutani?

Sasa kaa imara. Nimeikata.

Nilimwambia Ishmael achukue msumeno wa umeme, aukate ukuta wa nyuma wa kabini. Akavua kofia, akaniuliza nimelewa nini. Akasema alitumia wiki tatu kulinyoosha lile paa na hawezi kuwa yeye wa kulichinja, nitafute bucha. Akageukia ukuta wa gereji. Ikabidi nishike mwenyewe, na cheche zikaruka mpaka kwa wauza mitumba. Ukuta ulipoachia nilibaki nimeushika, sijui niuweke wapi. Ishmael akageuka, akasema kama tumekwisha kuua basi tuzike vizuri, akawasha mashine ya kuchomelea. Tulirefusha kabini usiku na mchana kwa bati la Datsun mbovu. Nyuma yangu nikatia kiti cha mtu mmoja, chenye mlango wake, dirisha lake, na mkono wa kushikilia. Kwa mbele bado ni Pijo. Kwa nyuma, nisikufiche, ni kibanda cha kuku chenye kioo. Hakuna jaji atakayelala chali chini yake, labda kwa kuzimia. Maonyesho yamekwisha, Jasper, na ni mimi niliyeyamaliza, bila kukuuliza, kwa sababu nilijua ukisema hapana ningekata tu.

Jumatano ya wiki ile ile nililipeleka Ikonge, nikaliegesha, nikasimama mbali. Mama alitoka akijikokota kwa fimbo. Akalizunguka gari. Akafungua ule mlango, akaufunga, akaufungua. Akaingia. Tryphosa akapiga vigelegele, Mama akamwambia anyamaze, hii si harusi. Hospitalini walimpokea siku ile ile.

Tulipokuwa tukirudi, tumepita kiwanda cha chai, nikasikia sauti nyuma ya shingo yangu ikiuliza kama huo mkwaruzo ni wa gia au ni wa dereva. Kaka, nusura niingie mtaroni! Miaka kumi na minne ya ndoa, na ukiacha salamu, hilo ndilo neno la kwanza Mama Mong'ina kuniambia bila kupitia kwa mtu. Mimi naona barabara, yeye anaona kisogo changu, hakuna macho yanayokutana. Basi akaongea. Alisema baridi haikumshinda, alilelewa kwenye baridi. Kilichomshinda ni soko la Ikonge. Watu walikuwa wameanza kusema Nyabuto anampakia mama mkwe wake kama mbuzi wa mnada. Akaona akiendelea kupanda kule nyuma, jina langu litaharibika, na akikaa mbele litaharibika zaidi. Hivyo akaamua kubaki nyumbani afe, mimi nibaki na jina.

Nilipunguza mwendo, nikayavuka mashimo yaliyobaki kama niliyebeba mayai.

Nilipomfikisha alishuka mwenyewe, akafunga mlango polepole. Kisha, huku akitazama migomba, akaniuliza wiki ijayo Jumatatu nitafika saa ngapi.

Kwa hiyo kasirika, una haki. Bampa na taa ni zako, ukizitaka nitazifungua. Lakini waambie watoto wasitupe zile fulana. Mwambie na Persis kwamba mkija Desemba, kuna nafasi. Mnisalimie majirani na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Gesare anawasalimu kutoka Lodwar, Ishmael anakusalimu na kusema yeye hakukata. Mungu awatunze.

Ukitaka kunitukana kwa simu, piga siku yoyote usiku. Jumatatu na Alhamisi mchana usipige, nitakuwa barabarani na Mama, na siku hizi anapenda kumaliza anachosema.

Ni mimi mdogo wako,
Nyabuto Machogu
Fundi wa magari ya zamani na ya wagonjwa