Hodi Tatu kwa Kiduara

Mwanangu Nsengiyumva,

Amani ya Bwana ikufikie huko Nairobi. Sisi tuko, dada yako Belyse amechumbiwa, mvua inanyesha. Uliuliza kama ile aplikasio ya akili bandia munayotengeneza inatufaa huku Luberizi. Mwanangu, imenichosha.

Majani ya mpunga wangu yalitoka madoa. Nikayapiga picha, nikauliza dawa. Kikaja kiduara kwenye kioo cha simu, kikazunguka, kikazunguka, bila neno. Mimi nimelelewa kubisha hodi mara tatu, nisipojibiwa niende zangu. Basi nikafinya pa kutuma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikajua hakuna mutu, nikafunga simu kwa heshima. Jirani akasema mpunga una njaa ya mbolea, nikaweka mbolea shamba lote.

Kesho yake Belyse akauliza yeye, akaiacha itulie. Ikajibu: huo ni ugonjwa, na mbolea inauzidisha.

"Mama, kila ukifinya inaanza upya. Ungengoja tu."

"Nani aliniambia ningoje? Kile kiduara?"

Sasa mpunga unakauka, na ndio chakula chetu cha mwaka. Kiduara kizuri sikitaki. Muandike tu: "Mama, picha nimeiona, niko naiangalia, usifinye tena." Ningekaa palepale na rozari yangu mpaka jua lizame, na mbolea ingebaki mu mufuko.

Mungu akulinde, na akufungue masikio,
Mama yako mukubwa, Claudette