Uzi Nyuma ya Mlango

Mtaa wa Pelham, Gorton, Manchester
Jumapili, 9 Machi 1969

Mwanangu Muriel,

Natumaini mu wazima huko Coventry, wewe, Fintan na watoto. Mimi sijambo, ila magoti yananiadhibu kila Ijumaa nikisugua kizingiti kwa jiwe la kung'arishia. Ethel Ollerenshaw wa mlango wa pili ananicheka: "Ivy, unampaka maiti wanja!" Maana halmashauri wametuandikia. Mtaa wote unabomolewa, nyumba yetu tarehe mbili Juni. Wanasema hazifai binadamu, choo kiko uani na kuta zina unyevu. Basi sisi tuliozaliana humu tangu babu zetu walipokuja kuunda vichwa vya treni tulikuwa nani? Nimepewa nyumba ghorofa ya kumi na moja, ina hata bafu. Nitaogelea humo peke yangu kama bata.

Anwani yako kanipa binti wa Ethel. Muriel, miaka kumi na tatu imepita tangu nikuandikie kwamba baba yako anaumwa, uje, uzi wa ufunguo upo palepale. Ukajibu utakuja Jumamosi. Hukuja, na mazikoni hukuja. Nilikukasirikia sana, sikufichi. Sasa hasira imekwisha, imebaki hamu. Njoo uione nyumba kabla haijawa vumbi.

Mama yako

—

Coventry
30 Machi 1969

Mama,

Shikamoo. Huku wote wazima, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena.

Mama, nilikuja.

Nilikosa treni, nikapanda basi. Nilitembea kutoka kituoni nikiogopa, maana baba alikuwa ameapa nikiolewa na Mkatoliki nisikanyage kizingiti chake. Lakini wewe uliandika uzi upo. Nikaingiza mkono kwenye tundu la barua kama nilivyofanya kila siku nikitoka shule. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia. Hapakuwa na uzi wala ufunguo. Nikausukuma mlango, umefungwa.

Ni wewe uliyetufundisha kwamba mtaani Pelham anayebisha hodi ni polisi na mwenye nyumba tu. Wengine wote huvuta uzi, wakaingia. Sasa mimi ningebisha hodi kwetu? Nilielewa nimeambiwa nini. Nikarudi kituoni nikilia njia nzima. Habari za msiba zilinifikia wiki mbili baada ya mazishi.

Usiniite nije niuone mlango ule tena. Sina moyo huo.

Mwanao Muriel

—

Gorton
27 Aprili 1969

Muriel mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana mara nne, nisamehe kwa kuchelewa.

Baba yako alipougua, akili ilirudi nyuma. Kila mchana alitoka na nguo za kulalia kwenda kusimama kwenye geti la shule. Ukimuuliza, anakwambia, "Namsubiri Muriel, mvua itamnyeshea." Wilf Tatlow huyo huyo aliyekufukuza! Mtaa mzima ulikuwa ukimrudisha nyumbani kwa zamu.

Jumamosi ile nilikwenda stesheni kukupokea. Ethel alikuwa harusini, hapakuwa na wa kumwangalia. Nikaufungua uzi, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni. Mara moja tu maishani mwangu, Muriel. Nilisimama pale mpaka treni tatu zikapita. Nikasema, mtoto ana moyo wa jiwe.

Niliporudi nilimkuta baba yako amekaa kwenye ngazi, uso kwa mlango, anatabasamu. Akaniambia, "Mkono wa Muriel umeingia. Nimeuona." Nikamwambia, "Nyamaza, Wilf, unywe supu yako." Nilidhani ni maradhi yanasema.

Nimelia mpaka Ethel akaja kunifokea. Baba yako alikuona, mwanangu. Ni mimi ambaye sikumwamini.

Nyumba sita za upande wetu zimekwisha kubomolewa. Uzi nimeurudisha, mpya, wa katani. Vijana wa halmashauri wameniambia, "Bibi, utaibiwa." Nikawajibu waibe nini, unyevu?

Mama yako

—

Coventry
18 Mei 1969

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu namwona baba pale kwenye ngazi. Kumbe alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Ningebisha hodi mara moja tu!

Nitakuja Jumamosi tarehe 24, treni ya saa sita mchana. Tafadhali usije stesheni, na magoti hayo. Kaa nyumbani.

Mwanao Muriel

—

Gorton
20 Mei 1969

Mwanangu,

Nimepata yako, nami ni mzima kuliko jana. Sawa, siendi stesheni, nakuahidi. Nitakaa kitini kama malkia. Kizingiti nitakisugua Ijumaa, usiache kukikanyaga.

Mama yako

—

Mtaa wa Pelham, mezani kwako
Jumamosi, 24 Mei

Mama,

Nimekuja kwa basi. Nilitaka kupita njia ile ile, mpaka mlangoni. Nikaingiza mkono, nikaukuta uzi.

Ethel ameniona nikilia kizingitini, akapiga kelele kwamba umekwenda stesheni tangu saa nne na kofia yako ya kanisani. Nilijua tu! Ahadi zako, mama.

Nakukimbilia huko sasa hivi. Tukipishana tena, usiniendee popote. Chai iko kwenye buli, nimeifunika. Kaa pale kwenye ngazi, alipokaa baba, utazame mlango. Ufunguo nimeuacha kwenye uzi.

Mwanao