Giza la Matangazo

Ijumaa, 18 Juni 1993

Shule imekwisha. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jiografia — nikachora mto mzuri kabisa na kusahau kuuandikia jina. Wenzangu walikuwa getini wakirushiana mayai na unga. Nikapitia mlango wa jikoni ili wasinione. Hakuna aliyenitafuta.

Daftari hili ni lile la vicheko. Nililianza nikiwa na miaka kumi na mbili: safu ya Bibi, safu ya Baba, alama moja kwa kila kicheko. Baba hucheka kabla mzaha haujaisha. Bibi hatoi sauti, mabega tu ndiyo hutikisika, kwa hiyo lazima umtazame. Nyuma kulikuwa na kurasa tupu. Nimeligeuza, naanzia huku.

Leo ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa zote. Mama zamu ya jioni hospitalini. Samaki na chipsi kwenye karatasi, siki mpaka vidoleni. Baba kaja kutoka kambini, kambi ya jeshi la Marekani, na chupa zile za soda yao yenye ladha ya dawa ya meno. Yeye na Mama wameachana mwaka wa nne huu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia asije Ijumaa. Bibi ni mama yake Mama, na hii ni nyumba yake, lakini anasema kumwambia si kazi yake. Anamnunulia kipande chake cha samaki, basi.

Baba alipofika alifungua mlango, akasimama pale pale, mikono ameitanua. Katika vichekesho vya televisheni vya kwao mtu akiingia watu hupiga makofi.

"Funga mlango, Sajini, upepo huo."

"Asanteni, asanteni, mashabiki wangu!"

Kila wiki, tangu nikumbuke. Yeye humwita Bi. Catchpole, Bibi humwita Sajini. Miaka kumi na minane!

Halafu, chipsi zikiwa nusu, Baba akasema. Kwamba kambi inafungwa tulijua. Sasa kuna tarehe. Anapanda ndege 27 Julai, anarudi kwao Marekani, Duluth, kwa Shangazi Solveig. Nami naweza kwenda. Miaka miwili ya shule ya huko, chumba changu mwenyewe, ziwa kubwa kama bahari. Kuna fomu ya kambi ya majina ya wanaosafiri. Mwisho Jumatatu, tarehe 19 Julai.

Bibi alikuwa akimtazama samaki wake.

Nikasema, "Itapendeza sana."

Bibi akaacha kutafuna.

Jumanne, 22 Juni

Mvua. Nimefikiria jambo moja siku nzima, na si lile ninalopaswa kulifikiria.

Vichekesho vyetu vya hapa Uingereza na vya kwa kina Baba. Kile chetu cha bwawa la kuogelea: meneja anamngoja meya aje kulikagua bwawa, meya haji, na akija maji yamekuwa ya kijani. Vipindi sita, kisha mwaka mzima hakuna kitu. Kila kipindi kinaishia pale pale kilipoanzia. Kile chao cha duka la magodoro kule Cleveland: vipindi ishirini na vinne, kila mtu mzuri wa sura, friji kubwa kuliko choo chetu, na dakika tatu za mwisho kinanda kinaanza taratibu na watu wanakumbatiana. Bibi husema, "Wanakumbatiana tena! Hawana magodoro ya kuuza?"

Baba naye: "Vipindi sita? Bi. Catchpole, hicho si kipindi, hayo ni mafua, yakianza yamekwisha."

Lakini ninachokipenda kuliko vyote si cha kwetu wala cha kwao. Ni giza! Magodoro yanaonyeshwa kwenye chaneli yetu isiyo na matangazo. Kule kwao kipindi kimekatwa ili kupisha matangazo. Hapa wametoa matangazo, wakaacha mshono. Picha inafifia, inakuwa nyeusi kwa kitambo, inarudi. Mara mbili kwa kila kipindi. Nilipokuwa mdogo niliogopa, nikadhani televisheni inakufa. Basi Baba akaanza kulijaza mwenyewe kwa matangazo ya kubuni yenye jina lake, kwa sauti ya redioni:

"Sabuni ya Lindqvist! Inatoa uchafu, inatoa rangi, inatoa na shati lenyewe!"

Akilifanya tangazo refu kuliko giza, Bibi hupunguza sauti kwa rimoti ili amalizie. Hajawahi kusema kwamba anayapenda. Hupunguza sauti tu.

Ijumaa, 25 Juni

Baba ameninunulia sanduku! La kijani, jipya, lina magurudumu. Kalibeba kichwani mpaka mlangoni, akasimama kupigiwa makofi. Bibi akasema afunge mlango.

Shangazi Solveig ameshapaka rangi chumba. Njano. Nani aliulizwa napenda rangi gani? Sijui. Pengine nilisema itapendeza.

Tukatazama bwawa. Meneja kajifungia kwenye kabati la mataulo ili meya asimwone, na meya amekuja kutafuta taulo. Mabega ya Bibi yalikuwa yanaruka. Baba hakucheka.

"Kwa nini asiondoke?" akasema. "Aache kazi. Ahamie kwenye jua."

"Akiondoka kipindi kimekwisha, Sajini."

"Kinaanza kingine!"

"Cha nani? Mimi namtazama huyu."

Baba akanitazama, Bibi akatazama televisheni. Bibi alama tisa, Baba sifuri. Haijawahi kutokea.

Jumamosi, 26 Juni

Tukiwa tunamenya njegere, Bibi akauliza, macho kwenye bakuli, "Ulimwambia nini hasa?"

"Kwamba itapendeza sana."

"Thirza! Mtoto wewe! Yule ni Mmarekani. Wanaamini unachosema."

Nikamwambia nilitaka tu kupata muda. Akasema mtu yeyote wa huku Suffolk angejua hivyo. Hata muuza maziwa angejua. Kwa muuza maziwa, itapendeza maana yake ni tutaona, na tutaona maana yake ni hapana.

"Kwa hiyo maana yake ilikuwa hapana?" akauliza.

"Sijui, Bibi. Kweli sijui."

Nilimngoja aseme kaa. Neno moja tu. Akasema njegere za mwaka huu ni ndogo.

Jumapili, 4 Julai

Sherehe yao ya Uhuru, ya mwisho kambini. Nyama za kuchoma, bendera, mvua kidogo. Nusu ya nyumba zimeshafungwa mbao madirishani.

Baba alikuwa kwenye foleni ya mahindi. Jamaa mmoja mkubwa akamkanyaga mguu, na Baba ndiye aliyemwomba radhi! Wenzake wakaangua kicheko. "Mtazameni Lindqvist! Waingereza wamemharibu! Hapo kilichobaki ni mwavuli!" Mwingine akadai amemwona akinywa chai na hakushikiwa bunduki. Baba alicheka nao, lakini kwa kuchelewa, mzaha ulipokwisha. Mimi namjua, siku zote yeye huwa wa kwanza.

Ndipo nikaona. Nilidhani anarudi nyumbani, na ni mimi ningekuwa mgeni. Kumbe Duluth na yeye ni mgeni. Nani atampunguzia sauti kule?

Kwenye gari nilitaka kusema. Nilishapanga sentensi nzima. Akaniambia, "Nakupenda, binti, unajua?" Anasema hivyo kirahisi, kama mtu anayekuomba umpe chumvi. Mimi nikasema, "Mvua inakatika."

Jumatano, 7 Julai

Mama amenikuta jikoni kabla hajaingia kazini. Amekaa na koti lake mwilini.

Akasema chuo cha huku Ipswich wamenipa nafasi, Duluth wamenipa chumba, na hatanisemea. "Nikisema kaa, utanilaumu ukiwa na miaka thelathini. Nikisema nenda, nitajilaumu kesho asubuhi." Akanipiga busu kichwani, likaangukia kibanio cha nywele.

Jumatatu, 12 Julai

Leo nimetoa kaseti ya video ambayo Shangazi Solveig alituma miaka ile — ya magodoro, imerekodiwa kule kule, na matangazo yake ya kweli. Nakumbuka siku ilipofika. Nilikuwa na miaka tisa. Mama na Baba walikuwa bado wanakaa kochi moja, Mama ameweka miguu mapajani mwa Baba. Tulingoja kwa hamu giza lijae. Na lilipofika: koleo la theluji. Dakika nzima mtu anakuonyesha koleo la theluji! Halafu benki. Halafu koleo tena. Mama akasema, "Dale, ya kwako ni mazuri zaidi," na Baba akawa mwekundu mpaka masikioni.

Nimeitazama yote peke yangu, makoleo na yote. Koleo bado ni lile lile. Bibi alipita na nguo za kuanika, akasimama nyuma ya kochi mpaka mwisho, wanapokumbatiana. Hakusema kitu kuhusu kukumbatiana.

Ijumaa, 16 Julai

Naandika hapa hapa kwenye kochi, daftari magotini. Hakuna anayeshtuka, wanadhani nahesabu vicheko. Bibi kushoto, Baba kulia. Hii ndiyo Ijumaa ya mwisho kabla ya fomu. Karatasi yenyewe iko mezani, chini ya chupa ya siki, na jina moja limeandikwa. La kwake. Mstari wa pili mtupu. Hajauliza. Wala Bibi hajauliza.

Baba alipofika leo hakusimama mlangoni. Aliingia tu, akafunga mlango mwenyewe, akatundika kofia.

Bibi akatoka jikoni. "Umesahau kusimama, Sajini."

"Nimechoka leo, Bi. Catchpole."

Bibi akabaki na kitambaa cha sahani mkononi. Kisha akakitupia begani na kupiga makofi. Mawili. Pa, pa. Akarudi jikoni. Baba alisimama pale akitazama mlango wa jikoni kama mtu aliyepigwa na mpira.

Magodoro yameanza. Mzee wa duka anataka kuhamia Florida na hajui jinsi ya kuwaambia watoto. Hatucheki. Safu zote mbili tupu.

Ikafifia. Giza la kwanza. Nikamngoja Baba. Namwona kwenye kioo cheusi — sote watatu tumo, wadogo, tumebanana. Akafungua mdomo, akaufunga.

Ndipo Bibi! Bibi yangu, ambaye hajawahi! Kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba kanisani:

"Kuna chumba. Ghorofani, kinatazama bustani. Kitanda kimetandikwa. Dirisha linakwama kidogo. Kina mpangaji, na mwenye nyumba hataki mwingine." Akageuza rimoti mkononi. "Kuna na kiti cha Ijumaa. Nacho kina mwenyewe. Hata akiwa mbali. Asiyetaka na asipige simu."

Picha ilikuwa imesharudi. Watu wa Cleveland walikuwa wanacheka kitu ambacho hatukukisikia.

Baba aliinama, mikono usoni, mabega yanatikisika. Bila sauti, kama Bibi. Sikujua niweke alama safu gani. Kisha akainua kichwa, akapangusa macho kwa karatasi ya samaki yenye chumvi, akasema, "Bi. Catchpole, hilo tangazo ni refu mno."

"Limejifunza kwa yale yako," Bibi akasema. Hakumtazama, lakini alimsogezea chai.

Sasa wote wawili wanatazama mbele, wamekaa wima kama watu waliofika mapema kanisani. Hakuna anayeniuliza. Lakini kipindi hiki ninakijua, ni cha marudio: mzee anaingia stoo, binti anamfuata, anaanza kusema "Baba...", na hapo ndipo panapokatwa. Giza la pili.

Nina tangazo. Limenijia sasa hivi, lote, halina mvua ndani yake wala itapendeza, jibu tu. Ni fupi kuliko la Bibi. Linaanza na sanduku la kijani.

Mzee ameingia stoo. Binti anamfuata.

Bibi ameshika rimoti, anapunguza sauti, na picha bado ipo. Hajawahi kupunguza mapema.

Naweka kalamu chini.