Vumbi la Nguo za Papa Ramazani

Kisangani, Kabondo

Mama yangu mpenzi,

Sisi tuko wazima, na mtoto ameanza kusimama akishika ukuta. Goti lako linasemaje na baridi ya Butembo? Na Papa, bado anakataa kuvaa sweta? Hapa joto limetukaba mpaka kuku wanalala chini ya meza.

Kambale, binamu yangu, mtoto wa tonton, atakupa barua hii akishashusha mzigo wake. Najua ni yeye aliyekuambia kwamba huku ukweni naitwa mulozi, mchawi. Kwenye simu ulilia kabla sijasema neno, kisha rezo ikakatika. Basi nikueleze yote polepole.

Ni kweli waliniita hivyo. Mama Zaituni, mama wa mume wangu Juma, alianza kukohoa kabla ya mvua. Alikonda, akawa hawezi kuvuka uwanja bila kukaa chini. Kwenye kituo cha afya walidhani ni kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi bila nafuu. Ndipo Asha, dada wa Juma, akaanza kusema kwamba mama yao aliugua baada ya mimi kuolewa, natoka mbali, na sisali pamoja nao. Siku moja nilimpelekea mgonjwa lituma ya ndizi na samaki. Asha akaninyang'anya sahani, akawamwagia bata.

"Mama hatakula tena bintu yako," alisema. "Utuambie kwanza ulimufanya nini."

Juma alikuwa pale, akanyamaza. Hilo liliniuma kuliko maneno ya dada yake. Nilifunga nguo zangu ili nirudi kwenu. Mama Zaituni akaniita kutoka kitandani.

"Katungu asiende popote," aliwaambia. "Munipeleke ku hopitali kubwa, na yeye anishike mukono."

Tulikwenda, yeye na mimi na Papa Ramazani, mume wake. Wakampiga radio ya kifua, ile picha ya ndani, wakaona maji kando ya pafu moja. Waliyatoa kwa sindano, nami nikamshika mkono kama alivyotaka. Kisha daktari, mwanamke mpole wa umri wako, akaanza kuuliza.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Mimi? Nyumbani tu. Kupika, kufula."

"Na muzee?"

Papa Ramazani alieleza kwamba alikuwa fundi kwenye atelier, karakana ya reli, ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kuzungushia mabomba ya moto vitambaa vyeupe ili joto lisipotee.

"Tulikuwa tunaita amiante," alisema. "Tulikuwa tunaikata na musumeno. Vumbi yake ilikuwa kama unga ya muhogo."

"Bon. Na manguo ya kazi, nani alikuwa anafula?"

Papa Ramazani alimtazama mkewe.

"Ni mimi," akasema Mama Zaituni. "Nilikuwa nazikung'uta kwanza ku mulango, halafu naloweka."

Daktari alituambia kwamba hapa hawana vipimo vyote vya kuhakikisha, lakini anachokiona kinafanana na ugonjwa wa amiante, ambayo wengine huiita asbesto. Vumbi lile ni nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Mtu akizivuta zinakaa ndani, na ugonjwa unaweza kujificha miaka mingi sana, hata kazi yenyewe imeshasahaulika. Humpata mmoja na kumwacha mwenzake. Hauambukizi, na dawa ya kuuponya hakuna. Wanaweza kumtoa maji na kumpunguzia maumivu.

Nyumbani, Papa Ramazani alimwita Asha na Juma, akawaeleza mwenyewe.

"Lakini wewe uko muzima, Papa!" alisema Asha.

"Niko muzima, ndiyo. Na nilimuletea mama yenu kifo ndani ya nguo. Muache Katungu."

Asha hajaniomba msamaha, ila siku hizi ananiletea maji ya kupikia. Juma ameomba. Nimemsikia, lakini bado sijamjibu vizuri.

Mama, mwambie Papa jambo hili: zile bati za kijivu za jiko letu la zamani, zinazofanana na simenti, huenda zina amiante. Asizivunje, asizikate, asizisage kutandika uwanja kama jirani alivyofanya. Zikiwa nzima, aziache mahali pake. Huku, Papa Ramazani alikuwa na kipande cha kitambaa kile chini ya babula, jiko la makaa. Daktari alitukataza kukichana au kukichoma. Tulikilowesha, tukakifunga vizuri kwenye plastiki, tukakifukia mbali na kisima.

Mama Zaituni hapandi tena ngazi ya mlango, lakini anakula, na anataka niketi naye.

Papa Ramazani sasa anavuka mto kwa pirogi, anatembelea nyumba za mafundi wenzake. Wengi walishakufa. Kwenye nyumba moja alikuta watoto wamemfukuza mama yao baada ya baba yao kufa kwa kikohozi, wakisema alimloga. Mama huyo anaishi kwenye kibanda karibu na stesheni. Papa Ramazani aliketi na watoto wale, akawaeleza yaliyotupata. Hawajamrudisha mama yao. Ila yule mkubwa alimsindikiza mpaka mtoni, na pirogi ilipokuwa inaondoka akauliza, "Papa, unaweza kurudia maneno hii mbele ya wadogo yangu?"

Kesho anavuka tena.

Msalimie Papa, dada Kavira na watoto wake, na shangazi anayeuza maharagwe sokoni. Usilie tena, Mama. Sikufukuzwa.

Ni mimi mtoto wako,
Katungu