Uji wa Maganda wa Leonida

Mama, shikamoo. Nimefika Muleba salama. Mama mkubwa anakusalimu, na Leonida naye anakusalimu kutoka kitandani.

Binti wa dada yako amekonda sana, Mama, na mdomo umejaa vidonda. Mama mkubwa humtilia kwenye uji unga wa maganda ya ndizi aliyoyaanika, lakini uji wa jana ulimkwaruza, akasukuma kikombe. Mama mkubwa akachukua chekeche. Nikamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, ukichekecha utatupa ganda lenyewe. Tusage tena." Chuoni tulifundishwa kwamba ganda likisagwa laini sana, vile vitu vyake vinavyokinga mwili hutoka kwa urahisi zaidi, ila joto la kusaga kwa pupa huviharibu. Basi tukapokezana jiwe polepole, mvua ikipiga bati, hadi unga ukawa kama poda.

Leonida aliuonja uji mpya, akaniuliza, "Huu utaniponya?"

Nilitamani kumdanganya. Nikasema, "Hapana, ndugu yangu. Utakupa nguvu kidogo."

"Hizo kidogo zinatosha," akasema, akaunywa wote. Kisha akamwomba mama yake aache kazi akae naye. Walikaa wameshikana mikono, wakizungumza Kihaya taratibu, na mara moja nilimsikia mama mkubwa akicheka.

Mama, usingoje habari nyingine. Panda meli uje umwone angali anaongea. Mungu akutunze njiani.

Mwanao akupendaye,
Jeni