Kwa Mama Mbuzi, Aliyesoma Kitabu Kilekile Kila Siku

Mwaka umezunguka, dada, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua. Mpaka leo mlango ukigongwa tunadhani ni wewe, umesahau funguo kama kawaida yako.

Kiwandani walikuajiri uwaangalie watoto wakati mama zao wako kwenye cherehani. "Kuangalia tu," msimamizi alisema. Wakakupa chumba nyuma ya ghala, mkeka, ndoo ya maji na kitabu kimoja, cha mbuzi aliyepanda juu ya paa. Ukakisoma mpaka kikaachana. Mafundi wakakishona mgongo kwa uzi wa suruali za jinzi, ukaendelea kukisoma. Watoto wakakuita Mama Mbuzi, nawe ukaitika.

Sisi nyumbani tulikucheka. "We dada, huyo mbuzi hajashuka tu?"

"Atashukaje, na watoto hawajammaliza?"

Hukusoma kama tunavyosoma sisi, mbio mbio kama tunafukuzwa. Siku ya kwanza ulisema, "Mbuzi akanyata," na vidole vyako viwili vikanyata kwenye mkono wa mtoto. Kesho yake ukauliza, "Hapa mbuzi anafanya nini?" Keshokutwa ukafika palepale, ukanyamaza. Ukangoja. Mkubwa yeyote aliyetaka kusaidia ulimkata jicho: "Usimjibie. Mwache alitafute neno." Mtoto akahangaika, akaitazama picha, akautazama mdomo wako, mwishowe likamtoka: "Akanyata!" Jioni ile mama yake akabaki anashangaa jikoni, mtoto anamgombeza paka: "We, usininyatie!"

Msimamizi hakuelewa. Siku moja alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, kitabu hikihiki tangu mwezi uliopita? Hawa watoto hawajachoka?"

"Aliyechoka ni wewe, bosi. Kwao ndio kwanza kinanoga."

Kasichana kamoja kakamnyooshea kidole: "Ameduwaa! Kama mbuzi!" Mafundi walicheka mpaka mashine zikasimama.

Hukuwahi kumwita mtoto mjinga. Mwenye homa ulimbeba mgongoni huku unasoma. Yule ambaye hata baba yake alisema ni bubu, ulimweka mapajani na kusema, "Si bubu huyu. Hajapata mtu wa kumngoja." Leo anaongea kuliko redio.

Lakini hatukuandika haya ili tulie tu. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Vumbi la vitambaa liliingia mlangoni, likakosa pa kutokea, likakuingia wewe. Uliomba dirisha, ukaambiwa hakuna fungu. Ukaomba tena, ukaambiwa mwakani. Ukawa unasoma, unakoholea kiwikoni, unawaomba watoto radhi, unaendelea. Mwakani ilipofika wewe ulikuwa kwenye kitanda cha hospitali, unavuta pumzi kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu.

Tulipokwisha kukuzika, chumba wakakigeuza stoo ya nyuzi. Na dirisha, dada, dirisha ulilolililia, likatobolewa wiki hiyohiyo. Eti nyuzi zisishike unyevu. Nyuzi! Watoto sasa wanashinda chini ya meza za kukatia vitambaa, miguuni pa mama zao, katika vumbi lilelile. Tumekwenda kudai chumba chao, tumefungiwa geti. Tutakwenda tena.

Mwanao, Kifaranga wako, aliyeshinda nawe mkekani, alinyamaza siku tuliyokuzika. Hata maji alikuwa akiomba kwa kidole. Majirani wakatufariji vibaya: "Bado mdogo, atasahau hata sura." Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, kwamba atakua bila kubaki na chochote chako. Mumeo akanunua vitabu vipya, vya rangi za kuumiza macho. Akasoma, mtoto akageukia ukuta. Kaka yako, kwa sauti yake ya mikutanoni, akamsomea cha mbuzi toka mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Mtoto akakifunika kwa viganja.

Ndipo mama yetu akasema, "Hebu nileteeni mjukuu wangu." Unamjua mama, shule aliipita kwa nje. Akampakata, akafungua kitabu kile cha mgongo wa kushonwa, akaitazama picha. Hakujua kimeandikwa nini. Basi akanyamaza.

Kifaranga akainua uso. Akautazama mdomo wa bibi yake, akaona hauna haraka.

"Akanyata," akasema.

"Ehee," mama akaitikia. "Halafu?"

"Halafu akachungulia."

Akakisoma chote, dada. Vidole viwili vikanyata kwenye mkono wa bibi yake. Maneno akayavuta kama ulivyokuwa ukiyavuta wewe, mpaka mumeo akaacha randa yake uani, akaja kusimama mlangoni. Mtoto alipofika ukurasa wa paa, pale mbuzi anapoduwaa, akasita. Akainua kiwiko, akakohoa. Kikohozi kikavu, kile chako.

"Samahani, wanangu," akasema, akafunua ukurasa.

Anadhani ni sehemu ya hadithi. Kila jioni anakohoa palepale, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia kwamba hicho hakimo kitabuni.

Unakumbukwa na mumeo, fundi seremala, anayejifunza kungoja. Na mama yako, ambaye sasa anasomewa. Na kaka yako. Na wifi zako. Na mafundi cherehani waliokushonea kitabu. Na watoto wa mkekani, kila mmoja na maneno yako mdomoni. Na Kifaranga wako.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Na dirisha hatutalisahau.