Siku Koku Alipomfuata Tembo

Mabira, Jumamosi

Mvua imekatika saa nne, jua likatoka juu ya migomba. 

Shangazi yake Koku ametuletea kutoka Mwanza miwani ya picha: kidude chekundu cha plastiki chenye matundu mawili. Unakiweka machoni, unabonyeza pembeni, picha inabadilika. Mimi niliyefundisha miaka mingi sikuweza kunyamaza. Nikamweleza Koku, mjukuu wangu wa miaka sita, kwamba kila jicho huona picha yake, na akili huziunganisha hadi kitu kionekane kimesimama mbele yako.

"Babu, tembo yuko hapa hapa!"

"Basi mfuate umguse," nikamwambia, nikicheka.

Ni mimi niliyesema hivyo.

Nikageuka kuitikia shikamoo ya jirani. Koku akavuka uwanja, miwani machoni, mkono mmoja mbele. Nyuma ya jiko baba yake alikuwa amechimba shimo la kuivishia ndizi za pombe na kulipasha moto. Makaa yalikuwa bado mekundu, naye alikuwa amekwenda kukata majani ya kutandika shimoni. Nilipotazama tena, unyayo wa mtoto ulikuwa ukingoni. Sijui magoti haya yalipata wapi mbio. Nilidaka gauni kwa nyuma, mshono ukapasuka, udongo ukameguka na kuangukia makaa.

Koku alilia kwa sababu ya gauni.

"Mwalimu," mke wangu akaniuliza, sindano mkononi, "siku hizi unafundisha watoto kutembea vipofu?"

Nikamshikia gauni ashone.

Miwani sikumnyang'anya. Kosa halikuwa lake. Jioni tuliketi mkekani, migongo ukutani, nikaanza somo upya: ukiivaa, unakaa chini, mtu mzima yuko kando yako, picha zikiisha, unapumzisha macho kwa kutazama vilima vya mbali.

"Mtu mzima wa nini?"

"Macho yako yamekwenda safari, mwili umebaki peke yake. Lazima uwe na wa kuulinda."

Akafikiri. Kisha akaniwekea miwani machoni, na nikahisi mkono mdogo umeng'ang'ania shati langu.

"Tazama tu, Babu. Nimekushika."

Tembo nilimwona kwa shida, macho yamejaa maji.

Kesho tukitoka kanisani nitalizungushia lile shimo uzio wa fito. Koku amesema kamba ya kufungia fito atashika yeye.